Chumvi Nje ya Kioo: Usafi wa Tangi la Samaki wa Baharini

Kioo cha tangi la samaki wa maji chumvi huchafuka upande wa nje kwa sababu moja kubwa kuliko nyingine zote: maji hukauka, chumvi hubaki. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi za aina mbalimbali. Robo lita ikimwagika mezani na kuachwa ikauke, kitakachobaki ni karibu gramu 9, yaani kama kijiko cha chai kimoja na nusu. Tone dogo lililorukia kioo nalo hufuata kanuni hiyohiyo. Maji yake hupotea hewani, na chumvi yake yote hubaki palepale lilipotua. Ukilitazama kwa karibu doa la tone lililokauka, utaona duara jeupe lenye ukingo mnene na katikati nyembamba, kwa sababu tone hukauka haraka zaidi pembeni, na maji ya katikati hukimbilia huko yakibeba chumvi.

Matone yenyewe huzaliwa na mapovu. Povu likifika juu ya maji na kupasuka, utando wake hutawanyika vipande vidogo mno, kisha shimo lililoachwa hujifumba kwa nguvu na kurusha juu uzi mwembamba wa maji unaokatika matone. Ndivyo bahari inavyotia chumvi hewani mawimbi yanapovunjika ufukweni, na ndiyo sababu mabati ya nyumba za Bagamoyo au Lamu hushika kutu mapema kuliko ya Dodoma. Katika tangi, mapovu hutoka kwenye jiwe la hewa, kwenye mtambo wa kutoa povu chafu, na pale maji ya chujio yanaporudi kwa kuanguka badala ya kuteleza taratibu. Kadiri maji yanavyoanguka kutoka juu zaidi, ndivyo matone yanavyoruka mbali zaidi, na mengi huvuka ukingo na kushuka kwa nje.

Njia ya pili haihitaji mruko wowote. Pale maji yanapogusa ukingo wa kioo, chembe za kwanza za chumvi hujikusanya na kuacha nafasi ndogondogo kati yao. Nafasi hizo hunyonya maji yaliyo chini na kuyapandisha hadi kwenye ncha, nayo yakifika huko hukauka na kuongeza chembe nyingine mbele kidogo. Hivyo chumvi hutambaa yenyewe. Hupanda ukingo, huuvuka, kisha hushuka upande wa nje kama utando mweupe mgumu. Tangi likiachwa mwezi mzima bila kuguswa, utando huo unaweza kufika kwenye kabati lililo chini, ukaharibu mbao na kula bawaba za chuma.

Pwani ina tatizo lake. Chumvi ya kawaida ya mezani huanza kujiloweka yenyewe pale unyevu wa hewa unapozidi asilimia 75 hivi, na kloridi ya magnesiamu, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huvuta maji hata hewa ikiwa na unyevu wa asilimia 35. Katika miji kama Mombasa, Tanga na Dar es Salaam, hewa ya usiku na ya alfajiri huvuka kiwango cha kwanza mara kwa mara. Kwa hiyo doa la chumvi lililokuwa kavu mchana huwa bichi na la kunata usiku, likateremka kidogo, na mchana likakauka tena mahali papya. Kila mzunguko hulitandaza zaidi. Na kwa kuwa linanata, hudaka vumbi la barabarani, moshi wa jikoni na nyuzi za mapazia. Hapo uchafu si chumvi tupu tena, na jambo hilo ndilo linalopaswa kuamua namna ya kuufuta.

Kabla ya kufuta, ni lazima kujua doa liko upande gani. Watu wengi husugua nje kwa nguvu wakihangaika na mwani ulioota ndani. Njia nyepesi ni kufumba jicho moja, kuweka ncha ya kidole juu ya doa, kisha kusogeza kichwa kulia na kushoto. Doa la nje litabaki limegandana na kidole. La ndani litaonekana kutoka pembeni mwa kidole, kwa sababu kati yake na kidole kuna unene wote wa kioo. Tochi nayo husaidia sana. Taa ya tangi ikizimwa na tochi ikaelekezwa kwa mshazari, karibu sambamba na kioo, kila alama ya kidole, kila mchirizi na kila mkwaruzo wa nje hujitokeza.

Mikwaruzo ya nje inastahili woga zaidi kuliko ya ndani, na sababu yake iko katika mwanga. Mwanga hupinda unapotoka katika kitu kimoja kuingia katika kingine, na hupinda zaidi pale vitu hivyo vinapotofautiana sana. Kipimo cha kupinda huko kwa hewa ni 1.00, kwa maji ni 1.33, na kwa kioo cha kawaida ni karibu 1.52. Mkwaruzo wa ndani umejazwa maji, na maji yako karibu na kioo, kwa hiyo hufifia machoni. Wa nje umejazwa hewa. Tofauti ni kubwa, nao hung'aa kila taa inapowaka. Anayechuna upande wa nje kwa haraka zake ameweka alama ambayo ataitazama kwa miaka yote ya tangi hilo.

Sasa kinachokwaruza ni nini? Mwaka 1812 mtaalamu wa madini Friedrich Mohs, Mjerumani, alipanga ugumu wa mawe katika ngazi kumi, ulanga ukiwa wa kwanza na almasi ya kumi. Katika ngazi hizo, chumvi iko kwenye 2 hadi 2.5, na kioo cha dirisha au cha tangi kiko karibu 5.5. Chumvi peke yake haiwezi kukikwaruza kioo. Mchanga mweupe wa fukwe za matumbawe, ambao kwa sehemu kubwa ni mabaki ya makombe na mawe ya matumbawe, uko karibu 3.5 hadi 4, nao pia haukiwezi. Lakini mchanga wa kawaida wa mtoni na vumbi la barabara hubeba madini ya kwazi (quartz), yenye ugumu wa 7. Chembe moja ya kwazi iliyonaswa ndani ya chumvi, ikiburutwa kwa kitambaa kikavu, huchora mstari kutoka pembe hadi pembe.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuyeyusha kabla ya kusugua. Kitambaa kikavu hakigusi chumvi kavu. Kitambaa laini, safi, kilicholowekwa maji safi ya uvuguvugu na kukamuliwa kisidondoke, huwekwa juu ya ukoko na kuachwa hapo dakika kadhaa. Chumvi haina ukaidi mbele ya maji, na lita moja ya maji inaweza kuyeyusha zaidi ya gramu 350. Ukoko ukilainika, hufutwa kwa mkono mwepesi kuanzia juu kwenda chini, kwa mikupuo mirefu iliyonyooka, na kitambaa hugeuzwa upande safi kila mkupuo mmoja au miwili. Kuzungusha mkono kwa duara hakufai, kwa sababu hurudisha kwenye kioo kile kilichokwisha kuondolewa. Baada ya hapo kitambaa cha pili, chenye maji safi zaidi, hupitishwa kuondoa maji ya chumvi yaliyobaki, na cha tatu, kikavu kabisa, hukausha. Wanaoruka hatua ya pili ndio wanaolalamika kwamba kioo kimebaki na ukungu. Ukungu huo ni chumvi ileile, imetandazwa tu kwa wembamba.

Vitambaa vya maikrofaiba ndivyo bora, mradi visitumike kwa kazi nyingine yoyote ya nyumbani. Kitambaa kilichowahi kufuta meza kwa sabuni au kabati kwa nta hubeba mabaki ya vitu hivyo, nayo hufika ndani ya maji mkono unapopita ukingoni. Fulana ya zamani ya pamba, iliyofuliwa mara nyingi na kusuuzwa vizuri bila dawa ya kulainisha nguo, inatosha pale maikrofaiba inapokosekana. Gazeti, ambalo wengi hulipenda kwa vioo vya madirisha, liachwe, kwani wino na chembe zake hazina faida yoyote hapa.

Maji ya kufutia nayo yana uzito wake. Sehemu kubwa ya ukanda wa Waswahili imekaa juu ya mwamba wa matumbawe wa kale, na visima vilivyochimbwa humo, Unguja na kwingineko, mara nyingi hutoa maji yenye chokaa nyingi. Ukoko mweupe ndani ya birika la chai ni ushahidi wa kila siku. Kioo kilichofutwa kwa maji hayo huondolewa chumvi na kupewa chokaa, na chokaa ni ngumu zaidi kuitoa. Maji ya mvua yaliyokingwa baada ya paa kuoshwa na mvua ya mwanzo hufaa sana. Hufaa pia maji yaliyopitishwa kwenye mtambo wa kuchuja chumvi, ambao wafugaji wengi wa matumbawe tayari wanao kwa ajili ya kuongezea tangi.

Chokaa ikishakaa kwenye kioo, maji hayaitoi. Dalili yake ni doa jeupe linalotoweka likiloa na kurudi likikauka, hata baada ya kufutwa mara mbili tatu. Hapo siki nyeupe ya kawaida, yenye tindikali ya asilimia 5 hivi, ndiyo dawa. Tindikali hiyo huungana na chokaa, na gesi ya kaboni dioksidi hutoka. Ukitazama kwa karibu utaona mapovu madogo sana yakichemka juu ya doa, kisha yakatulia chokaa inapokwisha. Siki hutiwa kwenye kitambaa, kamwe si kwenye kioo moja kwa moja, na eneo husuuzwa kwa maji safi mara kazi inapokwisha. Matone machache yakiingia ndani ya tangi kubwa hayaleti madhara, lakini hakuna sababu ya kuyaruhusu. Silikoni inayounganisha vioo haitadhurika kwa mguso mfupi. Silikoni ya kawaida ya matangi hutoa tindikali hiyohiyo inapokuwa inakauka, ndiyo maana tangi jipya hunukia siki.

Kama doa halitoki kwa maji wala kwa siki, basi huenda si uchafu tena. Maji yaliyokaa muda mrefu juu ya kioo huvuta sodiamu kutoka ndani yake, yakageuka kuwa na ukali wa magadi, na ukali huo hula uso wa kioo wenyewe. Alama hiyo haifutiki. Hung'arishwa tu kwa unga maalumu wa seriamu, kazi inayozalisha joto na kuhitaji mgandamizo, na haipaswi kufanywa kwa tangi lenye maji. Tangi la lita 200 hubeba maji ya bahari yenye uzito wa kilo 205 hivi, yanayosukuma kioo saa zote. Kuongeza joto na mkono mzito upande wa pili ni kutafuta balaa.

Dawa za kunyunyizia za madirisha ndizo hatari kubwa zaidi katika kazi hii yote, na inasikitisha kwamba ndizo zinazonyakuliwa kwanza. Nyingi zina amonia. Samaki hutoa amonia kwa mashavu yake, na bakteria wa chujio huibadilisha kuwa vitu visivyo vikali. Mfumo mzima wa tangi umejengwa juu ya kazi hiyo. Kuongeza amonia kutoka nje ni kuutwisha mzigo usioutarajia. Tena katika maji ya bahari, ambayo pH yake ni 8.1 hadi 8.3, sehemu ya amonia iliyo katika hali ya sumu ni zaidi ya mara kumi ya ile iliyo katika maji yenye pH 7. Dawa inayoweza kusamehewa katika tangi la maji baridi haisameheki hapa. Na haihitaji kumwagika ndani. Mnyunyizo huelea hewani, pampu ya hewa huuvuta, mtambo wa kutoa povu huuvuta kwa wingi zaidi kwa kuwa kazi yake ni kuchanganya hewa na maji, na baada ya muda mfupi umo ndani pamoja na kamba, matumbawe na samaki kama kangaja. Tahadhari hiyohiyo inahusu dawa za mbu za kupulizia, ambazo huua kamba na kaa kirahisi kama zinavyoua wadudu.

Matangi ya akriliki yana sheria zake. Akriliki hupitisha mwanga vizuri, ni nyepesi, na huungana bila mshono unaoonekana, ndiyo maana hifadhi kubwa za samaki huitumia. Ukuta wa tangi kuu la Dubai Mall, lililofunguliwa mwaka 2008, ni kipande cha akriliki chenye upana wa karibu mita 33, kimo cha zaidi ya mita 8 na unene wa sentimita 75. Lakini akriliki ni laini kuliko kioo kwa mbali. Hata mchanga wa matumbawe huikwaruza, hata kitambaa kigumu. Wembe, ambao kwenye kioo unaweza kukwangua ukoko uliokwisha kuloweshwa ukilazwa vizuri, hauruhusiwi kabisa. Spiriti na amonia huipasua nyufa ndogondogo kama utando wa buibui, nazo hazirudi nyuma. Kwa akriliki ni maji safi, kitambaa laini kipya, na subira.

Chumvi ya nje, hata hivyo, si uchafu tu. Ni taarifa, na anayeifuta bila kuisoma amepoteza nusu ya faida ya kazi yake. Chumvi ya matone hutawanyika kama vitone, vingi karibu na ukingo wa juu, vichache kadiri vinavyoshuka. Chumvi inayotambaa huanzia ukingoni bila kukatika. Lakini mstari mweupe unaoanzia kwenye mshono wa silikoni, katikati au chini ya kioo, ukinenepa kuelekea chini na kuishia kwenye kijibonge kidogo, una maana nyingine. Maji yanapenya. Uvujaji wa namna hii unaweza kuwa mdogo kiasi kwamba maji hukauka kabla ya kuonekana, na chumvi ikawa shahidi pekee. Mahali hapo hufutwa kwa maji safi, hukaushwa kabisa, kisha karatasi ya tishu hubandikwa chini yake usiku kucha. Ikilowa, au mstari ukirudi palepale siku mbili tatu baadaye huku sehemu nyingine zikiwa safi, tangi linahitaji fundi, na si kitambaa. Katika kufuta mishono, wembe ukae mbali, kwani mkato mdogo wa silikoni unaweza kuzaa uvujaji ambao haukuwapo.

Chumvi hufuata pia nyaya. Maji ya chumvi hupitisha umeme vizuri mno, na waya wa pampu unaoshuka moja kwa moja hadi kwenye soketi huyaongoza huko. Kila waya unapaswa kushuka chini kuliko soketi, kisha kupanda kuifikia, ili maji yadondoke sakafuni kabla ya kufika. Ukoko ukionekana kwenye plagi, umeme huzimwa kwanza kwenye swichi kuu, plagi huchomolewa kwa mkono mkavu, husafishwa na kukaushwa. Hakuna kusafisha plagi iliyo na umeme, hata kwa dakika moja. Swichi inayokata umeme unapovuja ni ya lazima katika chumba chochote chenye tangi la maji chumvi.

Mabonge yaliyokaa kwenye ukingo wa juu hayasukumwi ndani. Ni kweli kwamba chumvi hiyo ilitoka humohumo, lakini bonge likitua juu ya tumbawe huunguza nyama yake pale lilipolala, kabla maji hayajaliyeyusha. Huondolewa kwa kitambaa cha maji kutoka ndani kwenda nje. Kiasi kinachopotea hivyo ni kidogo, ila kwa miezi mingi hupunguza chumvi ya tangi, na kipimo cha chumvi ndicho kitakachosema iwapo maji ya kubadilishia yaongezwe nguvu.

Kuna ukungu mmoja ambao hauna chumvi kabisa. Katika chumba chenye joto la nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, umande huanza kutua kwenye kitu chochote chenye nyuzi 26 au chini ya hapo. Tangi la matumbawe linalopozwa kwa mashine hadi nyuzi 25 liko ndani ya kiwango hicho, na kioo chake hulowa kwa nje kama gilasi ya maji ya barafu. Kufuta kila saa ni kazi bure. Feni ndogo inayopitisha hewa mbele ya kioo hupunguza umande, na kiyoyozi huuondoa kwa sababu hukausha hewa yenyewe. Unyevu huo usipoondolewa hushuka kwenye madoa ya chumvi, huyayeyusha, na kuacha michirizi mirefu hadi chini.

Mara ngapi kioo kifutwe hutegemea mapovu na hewa, lakini pwani, kupitisha kitambaa cha maji kila baada ya siku mbili au tatu huzuia ukoko usijenge kabisa, na kazi huisha kwa dakika tano. Kuteremsha bomba la maji yanayorudi hadi chini kidogo ya uso wa maji, na kusogeza jiwe la hewa mbali na ukuta, hupunguza madoa kwa kiasi kikubwa siku hiyohiyo. Kifuniko cha kioo huzuia matone, ila huongeza joto na kubana hewa. Kifuniko cha wavu huacha hewa ipite, na huacha pia sehemu ya matone. Anayechagua kioo ajue kwamba upande wake wa chini hupokea matone yote ambayo yangeangukia ukutani, na utando wa chumvi hapo hupunguza mwanga unaofikia matumbawe, ambayo hulishwa na mwani mdogo unaoishi ndani ya miili yao na kutegemea mwanga huo. Kifuniko hicho kifutwe mara nyingi kuliko kuta zenyewe, kwa maji safi, kikiwa kimeondolewa kabisa juu ya tangi.